Kavunjika shingo, yuko ICU, mbona presha inashuka na damu haijamwagika?

mdogo_mtu
Wakuu habarini. Kaka yangu alidondoka kwenye ngazi juzi, kaumia uti wa mgongo shingoni, pingili ya tano. Mabega anainua ila vidole na miguu hakuna kitu. Siku ya kwanza alikuwa anapumua mwenyewe na anaongea kabisa, leo nakuta kawekewa mashine ya kupumulia, halafu presha iko chini na moyo unapiga polepole. Hana kidonda hata kimoja. Ndo anazidiwa au?

nesi_wa_usiku
Pole sana mdogo wangu. Neva zinazobana mishipa ya damu na kuukimbiza moyo zinapita humohumo kwenye uti, zikikatika mawasiliano mishipa inalegea na presha inashuka hata kama damu yote imo ndani. Ndo maana ana dawa ya kupandisha presha kwenye dripu, uti ulioumia ukikosa damu unaharibika zaidi.

Kupumua sasa. Ule msuli mkubwa chini ya mapafu unapata neva kutoka pingili ya 3, 4 na 5 za shingo, kwa hiyo wake unafanya kazi ila uti ukivimba siku za mwanzo unachoka, na misuli ya mbavu na tumbo imelala kwa hiyo kukohoa hawezi, makohozi yanajaa. Wakiyanyonya kwa mpira mapigo yanaweza kushuka ghafla na mashine ikapiga kelele, usipaniki, tunajua cha kufanya.

Utaona pia anageuzwa kila baada ya masaa mawili hivi, mmoja kashika kichwa tu na ndo anayehesabu. Wewe kila ukiingia muangalie visigino na juu ya makalio, pakiwa pekundu sema, yeye hasikii.

mdogo_mtu
Na kutembea je?

nesi_wa_usiku
Mapema mno. Uti ukishtuka unazimika hata chini ya palipoumia, siku au wiki, ukipima sasa hivi unapima giza.

kitimwendo
Nimelala kitanda kama hicho. Maumivu sawa, ila kilichonitesa ni kushindwa kuongea, mpira uko kooni na akili ni nzima. Mtajie herufi mojamoja, akifika anayotaka apepese. Usimkisie neno, inakera balaa.

mdogo_mtu
Nimetoka kwake sasa hivi. Robo saa nzima, katoa T A A. Kumbe ya juu ya kitanda inampiga machoni tangu jana. Nimeomba wameizima, kalala.