Kibao cha mkarafuu: jina lipi ni sahihi?

Mkulima wa Wete: Wakuu, naandaa vibao vya miti ya bustani. Mkarafuu nimeukuta kwa majina matatu: Caryophyllus aromaticus, Eugenia caryophyllata na Syzygium aromaticum (L.) Merr. & L.M.Perry. Niandike lipi? Na hiyo L. kwenye mabano ni ya nini?

Mtunza Majani: Andika la tatu. Mtaalamu wa mimea Linnaeus, ambaye ndiye hiyo L., aliuita Caryophyllus aromaticus mwaka 1753, mwenzake Thunberg akaja na Eugenia caryophyllata mwaka 1788. Mwaka 1939 Merrill na Perry waliuhamishia jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Syzygium. Mabano yanaonyesha aliyetoa jina la spishi kwanza. Wanaofuata nje ya mabano ndio waliouhamisha. Usiyaondoe, maana "Syzygium aromaticum L." ni kosa: Linnaeus hakuuweka humo.

Mtunza Majani: Jenasi, yaani neno la kwanza, ianze na herufi kubwa, na la spishi, neno la pili, herufi ndogo, yote mawili kwa herufi za mlazo. Majina ya watu yasilazwe.

Bi Miche: Kwa nini Caryophyllus lisitangulie, ikiwa ni la zamani zaidi?

Mtunza Majani: Swali zuri, bibie. Kwa tarehe lingeshinda. Ila Syzygium, la Gaertner, 1788, limehifadhiwa rasmi na kanuni za kimataifa za majina ya mimea, yaani linatumika ingawa si la zamani zaidi, vinginevyo mamia ya spishi zingebadilishwa majina.

Fundi Vibao: Wino wa kalamu hufutwa na jua. Chonga herufi kwenye bati la alumini, na waya wa kukifungia kibao tawini uwe na nafasi ya kutosha. Ukibana, tawi likinenepa waya huzama kwenye gome na tawi hufa.