Nyumba ni yangu, halafu mpangaji ananiuliza "Una notisi?"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua, kila mwenye nyumba anaye mmoja wa aina hii. Nimetoka mlangoni kwake sasa hivi, yaani mlangoni KWANGU, na mtu kasimama mswaki mdomoni, povu linamchuruzika kidevuni, ananiuliza: "Una notisi?"

Notisi! Ya kuingia nyumba niliyoijenga mwenyewe, tofali kwa tofali! Nilienda kuangalia bomba linalovuja, bomba ambalo yeye mwenyewe kalilalamikia mpaka simu yangu ikataka kulipuka. Nimegonga, kimya. Nikatoa ufunguo wangu wa akiba, haugeuki. Kabadilisha kitasa! Nikagonga tena kama polisi, ndipo akachungulia na huo mswaki. "Una notisi?" Hata kuutoa mdomoni hakuutoa.

Mimi sina dalali wala meneja. Kodi nakusanya mwenyewe, choo kikiziba saa nane usiku naitwa mimi. Na kodi yenyewe anachelewesha mpaka kalenda inaona aibu. Malipo yangu ndiyo haya, kuulizwa notisi na mtu mwenye povu? Kesho nakata maji, nakata umeme, na juu ya kitasa chake naweka kufuli langu. Tuone atapiga mswaki na nini.

Kufuli_Kutu: Povu lake dogo mkuu, lako ndilo limejaza uzi mzima.

Mama_Vyumba: Mwacheni, ana haki ya kukasirika. Mimi pia najisimamia, najua. Wa kwangu kapaka ukuta rangi nyeusi, nikimuuliza anasema anapenda giza.

Wakili_Pembeni: Mleta uzi, usiguse maji wala umeme. Ukishapangisha, nyumba ni mali yako ila kuikalia ni haki yake mpaka upangaji uishe kisheria. Nchi nyingi, kumfungia mpangaji nje au kumkatia huduma bila amri ya mahakama ni kosa hata kama unamdai. Utaenda kudai kodi urudi ukiwa mshitakiwa. Kuingia kukagua unatoa taarifa mapema. Uingereza, kwa mfano, ni angalau saa 24, tena kwa maandishi. Dharura ni habari nyingine, bomba likipasuka maji yamejaa ndani huwezi kusubiri kesho. Lako limepasuka au linadondosha? Na mkataba unasemaje kuhusu vitasa?

Mleta uzi: Mkataba gani? Tuliongea, tukapeana mikono, akahamia. Nimesema MSWAKI MDOMONI, wewe unaniuliza vitasa!

Kufuli_Kutu: Tuliongea! Wakuu, nileteeni kiti.

Wakili_Pembeni: Makubaliano ya mdomo mara nyingi yanatambulika, kazi ipo kwenye kuyathibitisha. Kodi kiasi gani, inalipwa lini, notisi ya kuhama ya muda gani, nani anatengeneza bomba: hapo ni neno lako dhidi ya lake. Risiti unampa?

Mleta uzi: Anatuma kwa simu. Risiti ya nini? Kaniuliza "Una notisi?" kwenye nyumba yangu!!

Mpangaji_Sugu: Afadhali wewe umeulizwa tu. Mwenye nyumba wangu kala amana yangu YOTE kwa sababu ya tundu moja la msumari. Kaja na rula, kapiga magoti, kalipima. Rangi kufifia kwa jua nayo kaniandikia. Huo si uchakavu wa kawaida?

Wakili_Pembeni: Kufifia ni uchakavu wa kawaida, hakatwi mtu amana kwa hilo. Mlango uliovunjwa kwa teke ndio uharibifu.

Mama_Vyumba: Tundu moja unalia? Kuna mmoja aliniachia chumba hakina mlango. Kaondoka nao! Tangu hapo siku ya kukabidhi napiga picha kila kona, tunaandika orodha, tunasaini wote wawili. Asiyetaka, funguo sitoi.

Mpangaji_Sugu: Picha umepiga mama, amana umeiweka wapi? Uingereza wenye nyumba wana siku 30 kuipeleka kwenye mfuko uliosajiliwa, wakipuuza wanaweza kutozwa hadi mara tatu yake.

Mama_Vyumba: Amana yangu usiiguse. Nina ukuta mweusi hapa, na leo nimegundua kapaka mpaka dari.

Kufuli_Kutu: DARI?

Mama_Vyumba: Dari.

Fundi_Brashi: Mama, piga praima kwanza, kisha rangi mikono mitatu. Ukianza na nyeupe moja kwa moja itakutokea kijivu.