Koha, TinyCat au Excel kwa maktaba ya shule? Nina wiki mbili za kuamua

Mkutubi_Luanda · Jumanne, saa tatu usiku
Hamjambo wenzangu. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari huku Vihiga. Mkuu wa shule amenipa mpaka tarehe 30 nimpelekee pendekezo la programu ya kuendeshea maktaba. Rejista ya sasa imekatika mgongo, na kurasa za Kidato cha Tatu zilinyofoka zote. Mwanafunzi akiniambia "nilirudisha, madam", sina la kumjibu. Nimesikia Koha, nimesikia TinyCat, na mwalimu wa hesabu anasema Excel yatosha. Tena nataka kitu cha kutumia darasani kwenye kipindi cha maktaba, na kingine changu mwenyewe cha kupangia vitabu vya nyumbani. Ipi nzuri?

Fundi_Kondele
Nzuri kwa nani? Vitabu ni vingapi? Kompyuta ngapi? Intaneti ni ya shule ama ni bando lako? Stima ikipotea mnafanyaje? Ukienda kwa daktari useme "naumwa" tu, utatoka na Panadol.

Nyar_Kano
Koha, usisumbuke zaidi. Ni bure, leseni huria, na haihitaji intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja pale maktaba, nyingine zinaingia kwa waya au Wi-Fi ya ndani. Ilianza New Zealand mwaka 1999, maktaba za Horowhenua zilipoona mfumo wao wa zamani hautavuka mwaka 2000. Koha kwa Kimaori ni zawadi. Hapa Kisumu naitumia mwaka wa nne sasa: kuazimisha, kurudisha, faini, barkodi, yote.

Omwana_wa_Butere
Nyar Kano umeruka ile sehemu ya kusema inataka Linux, si Windows. Dada yetu atampata wapi mtu wa Linux hapo Luanda sokoni?

Nyar_Kano
Maseno si hapo tu? Chuo kizima cha vijana wanaotafuta kazi ya kuonyesha.

Mstaafu_Nakuru
Habari ya vijana kama hao ndiyo ninayotaka kuwaeleza. Kaeni vizuri, ni ndefu.

Mwaka 2019 nilikuwa naangalia maktaba ya shule moja ya kutwa, jina niachieni. Kijana mmoja mpole sana akatuwekea Koha, hatukulipa ila nauli na chakula. Likizo ya Aprili tukakaa na wasichana wawili waliomaliza Kidato cha Nne, tukaingiza vitabu 1,400. Kitabu kimoja kimoja: kichwa, mwandishi, nambari ya usajili, rafu. Chai na mandazi nikinunua mimi. Tulipomaliza nilipiga picha ya skrini nikamtumia mke wangu, nilivyofurahi.

Muhula wa pili, alasiri ya mvua, radi. Kile kifaa cha kulinda kompyuta stima inapokatika naibu alikuwa amekichukua wiki hiyo, mashine ya kuchapia mitihani ilikuwa inazimika. Kesho yake kompyuta ya maktaba ikawa kimya, na harufu ile ya plastiki iliyoungua. Nikampigia kijana. Yuko Qatar, kazi ya ulinzi. Akaniambia, mwalimu usijali, Koha hujinakili yenyewe kila usiku. Nikauliza nakala iko wapi. Akanyamaza. Iko kwenye diski ileile.

Sikilizeni basi: diski ilikuwa nzima! Kilichoungua ni bodi ya ndani tu. Bwana hazina akaipeleka mjini kwa fundi, na mimi sikwenda. Hilo ndilo kosa langu. Ilirudi Ijumaa inang'aa, imefutwa yote, ina Windows mpya. Fundi alidhani anatutendea wema. Nilirudi kwenye rejista ya karatasi na sijatoka mpaka nilipostaafu.

Mama_Tausi
Woi. Pole mwalimu. Vitabu 1,400!

Nyar_Kano
Pole sana mzee, lakini kwa heshima, hapo Koha imekosa nini? Radi si ya Koha. Naibu si wa Koha. Nakala unaitoa kwa flashi kila Ijumaa, dakika tano.

Mstaafu_Nakuru
Binti yangu, unaitoa ukijua iko wapi na paswadi ni ipi. Mimi nilikuwa najua kubonyeza "azimisha" na "rudisha". Mkiondoka ninyi mnaojua, shule ibaki na nani?

Fundi_Kondele
Mzee amemaliza. Lakini aliyeuliza bado hajajibu maswali yangu.

Mkutubi_Luanda · Jumatano
Samahani, jana stima ilipotea. Vitabu ni kama 2,300 bila vya kiada. Kompyuta ni moja, ya mezani, kuukuu kidogo. Wi-Fi iko ofisini kwa mkuu, haifiki maktaba. Bajeti sijaambiwa.

Omwana_wa_Butere
"Kuukuu kidogo" ni miaka mingapi? Na "sijaambiwa" kwa lugha ya wakuu wa shule ni sufuri. Weka Excel. Laha ya kwanza vitabu, ya pili wanafunzi, ya tatu walioazima. Faili unaitia kwa flashi na kujitumia kwa barua pepe. Mkutubi mwingine akija kesho anaifungua bila kumpigia mtu Qatar.

Nyar_Kano
Na siku mwanafunzi mmoja akibonyeza panga-kwa-alfabeti safu moja tu, majina yahame vitabu visihame, utanikumbuka.

Mama_Tausi
Mimi nijibu ile ya nyumbani maana hakuna aliyeigusa. LibraryThing, tovuti ya kuorodhesha vitabu vyako. Ipo tangu 2005, na tangu 2020 ni bure bila kikomo cha vitabu. Unapiga picha barkodi kwa simu, maelezo yanakuja. Riwaya za nje zinakuja mara moja hata na jalada. Vitabu vyetu vya hapa, hasa vya Kiswahili, mimi vingi nimeviandika kwa mkono, na majalada nimepiga picha mwenyewe juu ya meza ya jikoni, moja linaonyesha kikombe. TinyCat ni ya watu walewale, ndiyo inayoongeza kuazimisha, mwisho vitabu 20,000. Ukiwa mtu binafsi ni bure, ukiwa taasisi unalipia. Na bila intaneti huna maktaba, kwa hivyo shuleni kwenu hapana.

Mwalimu_wa_Fasihi
Kabla hamjampeleka mbali: majina ya wanafunzi na nambari zao ukiyaweka kwenye seva za nje, umesoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019? Watoto wale, mzazi lazima akubali. Pili, nawaomba mseme tarakilishi. Tumefundishwa, tunafundisha, halafu jukwaani ni kompyuta, kompyuta.

Fundi_Kondele
Mwalimu, mteja akija dukani aniambie "tarakilishi yangu imekufa" nitampa pole ya msiba kwanza.

Mwalimu_wa_Fasihi
Tarakimu na akili, neno limetulia kabisa. "Kishikwambi" nalo mlilicheka, sasa mnalisoma gazetini.

Omwana_wa_Butere
Na ngamizi je? Kwetu mwalimu alitufundisha ngamizi, tukamwogopa, tukadhani inaangamiza.

Mstaafu_Nakuru
Yangu iliangamiza.

Mama_Tausi
😂😂 Mzee!

Mkutubi_Luanda
Nimecheka peke yangu hapa. Lakini kipindi cha maktaba jamani? Nina Kidato cha Tatu Alhamisi, wako 52, na simu hawaruhusiwi. Mwenzangu alinitajia Kahoot, ule mchezo wa maswali na majibu.

Nyar_Kano
Kahoot inataka vifaa mikononi mwao na intaneti. Tafuta Plickers. Kila mwanafunzi anashika karatasi yenye alama nyeusi, anaigeuza kulingana na jibu, A, B, C au D, wewe unapitisha simu yako mbele ya darasa inazisoma zote. Simu ni moja tu, yako. Karatasi gundisha kwenye katoni, zangu za kwanza zilikunjika siku ya pili.

Omwana_wa_Butere
Kwa kusoma, mwekee Kolibri, programu ya masomo. Inafanya kazi bila intaneti, unapakua mara moja mahali penye Wi-Fi unahamisha kwa flashi. Kiwix nayo inakupa Wikipedia nzima nje ya mtandao. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, chukua ya Kiswahili, ni ndogo.

Mwalimu_wa_Fasihi
Kolibri haiazimishi vitabu, asije akachanganya.

Omwana_wa_Butere
Nani amesema inaazimisha?

Mama_Tausi
African Storybook pia, hadithi fupi za watoto, kuchapisha ni ruhusa. Kuna za Dholuo na Lubukusu. Najua ni za wadogo, ila wangu wa sekondari nawapa wazitafsiri kwa Kiswahili, na ndipo unagundua nani nyumbani anaongea na nyanya yake na nani anajifanya. Kimaragoli sijaangalia.

Nyar_Kano
Wazo zuri hilo! Wangu watabishana, Wajaluo wa Alego na wa Kano hawakubaliani hata jina la sufuria.

Fundi_Kondele
Mkutubi, nikipita huko Jumamosi nitaiangalia hiyo mashine. Ina RAM (kumbukumbu) ngapi? Bonyeza kulia kwenye "This PC".

Mkutubi_Luanda · Alhamisi, saa sita mchana
Imeandika 2 GB. Asubuhi nilianza kujaribu Excel kama Omwana alivyosema, nikaingiza vitabu 40 na walioviazima, nikaweka fomula ya kuhesabu siku zilizopita tangu kitabu kiazimwe. Majibu yakaja na alama ya kutoa, maelfu ya siku. Nimetazama pale pembeni chini: kompyuta inasema leo ni tarehe 1 Januari 2009. Nimerekebisha, nimezima nikaenda darasani na Plickers (simu imesoma 31 kati ya 52, waliokaa nyuma wanaziba alama kwa vidole). Nimerudi, ni Januari 2009 tena.

Fundi_Kondele
Betri ya bodi ya ndani imekufa, ile ya duara kama shilingi inayotunza saa na tarehe. CR2032. Usinunue ya kuokota sokoni, nitakuja nayo.

Mstaafu_Nakuru
Akija, dada, kaa naye hapo hapo. Asiondoke na diski.