Naomba ushauri: keki ya kahawa ya Kimarekani kwa moto wa makaa

Binti wa Wete:
Asalaam alaykum wapishi wenzangu. Wifi yangu anakuja Ijumaa, naye ni mtu wa keki. Nimekusudia kumwandalia keki ya kahawa, ile ya Kimarekani ambayo ndani yake hamna kahawa hata tone bali huliwa pamoja nayo, na juu hunyunyizwa chengachenga za unga, sukari, siagi na mdalasini. Maelezo niliyoyapata yanataka oveni ya nyuzi 180 na krimu chachu, nami nina jiko la mkaa, sufuria nzito na mfuniko wa bati. Je, itawezekana, au nimpikie mkate wa kumimina nisijiaibishe?

Bi Mkubwa, Chake Chake:
Wa alaykum salaam, mwanangu. Itawezekana. Mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa unatosha badala ya krimu, kwa kuwa kinachotakiwa hasa ni uchachu wa kuiamsha magadi soda, nusu kijiko cha chai kwa vikombe viwili vya unga. Taabu iko kwenye chenga: kwa joto letu hili siagi huyeyuka mkononi, na ikishayeyuka hupati chenga tena, unapata tope la sukari linalozama na kugandia chini. Ikate ingali baridi, ifikiche na unga kwa ncha za vidole, kisha tia bakuli kwenye friza wakati unakoroga keki yenyewe, ambayo rojo lake lazima liwe zito.

Mpishi wa Mji Mkongwe:
Nakubaliana na Bi Mkubwa, ila kwa makaa mimi singenyunyiza chenga tangu mwanzo, maana sukari ya juu huungua na katikati bado kubichi. Weka makaa machache chini, subiri uso wa keki ushike, ndipo ufunue taratibu bila kuitikisa sufuria, unyunyize upesi, ufunike na kupunguza makaa ya juu. Mdalasini twanga magome mwenyewe; ule wa pakiti iliyokaa dukani ni rangi tu. Anayetaka kahawa ndani ya keki atafute ile ya Uingereza, yenye kahawa kali na kokwa za jozi (walnut).

Binti wa Wete:
Ahsanteni sana. Friza nitaomba kwa jirani. Na hiyo kahawa ya kunywea, niitie sukari?

Bi Mkubwa, Chake Chake:
Hata chembe. Iwe chungu, na tangawizi ukipenda.