Waliokulia chini ya mkungu, tupeane uzoefu

BintiChumbageni: Asubuhi nimefagia yale majani mekundu ya mkungu, ule mti wetu wa kivuli wa pwani, nikakanyaga kungu, tunda lake. Harufu ikanirudisha utotoni! Sisi tuliokota zilizoangushwa na popo usiku, nyama imeshaliwa, tukazianika. Kokwa inasimamishwa juu ya jiwe, inagongwa ubavuni, kiini kinatoka kizima. Nyie je?

Mpemba_Asili: Na rangi yake kwenye shati la shule haitoki hata kwa jiki.

MpishiUnguja: Bibi yangu alivikaanga kidogo, akaviponda, akatia kwenye kashata na iliki. Lozi za dukani zilikuwa ghali.

KakaKisauni: Kashata sawa. Halua ni lozi, usituharibie.

MpishiUnguja: Nani kataja halua? Soma kwanza.

BwanaMiti: Tusichanganye lozi na kungu. Mlozi ni jamaa ya mpichi, unataka majira ya baridi, pwani haukubali. Lozi nyingi duniani zinatoka California. Mkungu asili yake Asia, na kokwa zake huelea baharini mpaka ufuo mwingine.

UmmuTariq: Mimi mkungu naukumbuka kwa jambo zito. Ilikuwa arusi ya shangazi, watu wazima wako kwenye masufuria ya pilau, watoto tuko chini ya mti tunagonga kungu, viini tunaweka kwenye sahani ya bati. Mdogo wangu, ndio kwanza anatembea, akachota akatia mdomoni. Mara kimya. Macho yamemtoka, midomo inageuka rangi, sauti haitoki. Mmoja anamtia kidole kooni, mwingine anaita maji. Mjomba akampokonya, akamlaza kifudifudi pajani, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Akakohoa, akalia, vigelegele vikapigwa.

Usiku pumzi zikaanza kupiga mluzi. Zahanati wakasema pumu, wakatupa dawa ya maji. Homa ikapanda. Mama akakataa kukaa, akapanda naye basi hadi hospitali kubwa Dar. Huko daktari ndiye wa kwanza kuuliza, "Alikuwa anakula nini?" Wakamlaza usingizi, wakapitisha mpira wenye taa, wakatoa kipande cha kungu kwenye njia ya hewa ya pafu la kulia. Leo ni baba wa watoto, na kungu haingii nyumbani kwake.

Mpemba_Asili: Subhanallah. Mama yako Mungu amlipe.

KakaKisauni: Kwetu aliyepaliwa hupewa tonge la ugali, linasukuma.

NesiTanga: Hapana kaka! Akikohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Asipotoa sauti na ameshapita mwaka mmoja, mapigo 5 kati ya mabega, kisha misukumo 5 tumboni, kati ya kitovu na kifua, rudieni huku mnatafuta msaada. Kidole cha kubahatisha kinashindilia. Chini ya miaka 5, karanga, korosho, lozi, kungu, zisiwe nzima. Na za popo msile.

BintiChumbageni: Za popo tumekula wote, tuko wazima.

NesiTanga: Popo wana magonjwa yao, dada. Okota zisizo na alama ya meno.

Mgeni_Mtwapa: Ukateni basi.

KakaKisauni: Ukatwe? Wazee wakachezee bao juani?

UmmuTariq: Usikatwe. Mti wetu bado upo, na kivuli chake nakipenda.

MpishiUnguja: Poleni sana, shoga. Kwa wadogo mimi nasaga unga kabisa, natia kwenye uji.

Mgeni_Mtwapa: Haya, nimeelewa. Mwenye mche anigee, uani kwangu jua linachoma.