MJADALA: Mtoto wa Kifilipino mwenye kipaji cha pool achezeshwe mechi za dau, au asubiri afike miaka 18?

Mleta mada, Doha

Wakuu, salaam. Nipo Doha tangu 2016, kazi za ghala, na chumba nakaa na Wafilipino watatu. Ukiishi nao utaujua mchezo wa pool upende usipende. Desemba 2017 Carlo Biado alichukua ubingwa wa dunia wa mipira tisa hapahapa Doha. Fainali ilikuwa Mfilipino kwa Mfilipino, akamfunga Roland Garcia 13-5, na usiku ule kambini kwetu hakulala mtu.

Kilichonileta ni hiki. Majuzi saa tatu usiku mwenzangu mmoja tunayemwita Kuya, maana yake kwao ni kaka mkubwa, alinipa simu yake niangalie mechi ya moja kwa moja kutoka ukumbi wa mtaani kwao. Kule ilikuwa saa nane usiku. Anayecheza ni mtoto wa miaka 16, kaptula, ndala miguuni. Dau peso laki mbili, za mfadhili wake, wa kwanza kufikisha michezo 15. Wako 14-14. Mtoto kasafisha meza yote, imebaki namba tisa, ndiyo inayomaliza mchezo, mpira rahisi wa kona. Akapaka chaki, akafuta kiganja kwenye kaptula, akapaka chaki tena. Akainama, akainuka, akainama. Tisa ikagonga kingo zote mbili za shimo, ikakaa mdomoni.

Kamera ikamfuata mzee mmoja nyuma ya meza aliyekuwa anafungua mkoba. Mtoto akabaki kashika fimbo kwa mikono miwili, hakuna aliyemsogelea.

Kwa asiyejua utaratibu: mfadhili ndiye anayeweka dau. Ikipotea ni hasara yake, ikipatikana wanagawana walivyopatana, na mapatano yenyewe kwa kawaida ni ya mdomo. Nje ya dau kuu, watazamaji nao wanawekeana lao. Aliye bora humwachia mwenzake nafuu wanayoiita partida, labda michezo miwili kabla hata ya kuanza. Usiku mzima unaweza kuishia kwenye kubishana partida tu.

Msimamo wangu nauweka wazi. Watu wazima wacheze dau wapendavyo, wamalizane na serikali yao. Ila mwenye chini ya miaka 18 asiwekwe mezani kwa fedha za mfadhili, hata awe na kipaji cha namna gani. Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, heshima kwako, lakini hapo unakata mti unaozaa. Mimi nimecheza pool miaka kumi na tano baa za huku Kanda ya Ziwa, na nakwambia mkono unaocheza bure si mkono unaocheza na hela mezani. Huo mkono wa pili haufundishwi na kocha.

Mtazame Efren Reyes, gwiji wa pool wa Kifilipino. Kapelekwa Manila kwa mjomba wake mwenye ukumbi wa pool akiwa mdogo, akawa analala juu ya meza. Wanamwita "Bata", na kwa Kitagalog bata ni mtoto, si ndege, jina alilopewa ili kumtofautisha na Efren mwingine aliyemzidi umri. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 12 alishinda dola 100, akapeleka 90 kwa familia yake. Mtu huyo ndiye wa kwanza asiye Mmarekani kuchukua US Open ya mipira tisa, 1994, kisha bingwa wa dunia 1999 kule Cardiff. Na 1996 Hong Kong alicheza na Mmarekani Earl Strickland mechi ya siku tatu, wa kwanza kufikisha michezo 120, mshindi achukue dola 100,000 zote. Akashinda 120-117. Michezo mitatu tu baada ya siku tatu! Moyo ule aliupata wapi kama si kwenye dau la utotoni?

Mchangiaji, Dodoma

Kaka wa Mwanza, Reyes tunamkumbuka kwa sababu alishinda. Waliolala juu ya meza pamoja naye na hawakushinda hakuna anayewasimulia, na ndio wengi.

Halafu njia si moja. Chezka Centeno wa Zamboanga alikuwa na miaka 15 alipochukua dhahabu ya mipira tisa kwenye Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki 2015, Singapore. Akiwa na jezi ya taifa, mchana, kwenye ukumbi wenye waamuzi. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa mipira kumi kwa wanawake. Mwambieni huyo binti kwamba hajui presha. Biado naye kabla ya pool alikuwa akibeba mifuko ya gofu ya watu. Sisemi hakuwahi kucheza dau, nasema alikuwa na kazi ya kumpa ugali siku fimbo ikigoma.

Mchangiaji, Mombasa

Ndugu zangu, mimi naogopa jambo ambalo hamjaligusa: kuuza mechi. Mtoto ana mfadhili mmoja. Usiku mmoja anaitwa pembeni na mtu mwenye hela nyingi zaidi, anaambiwa akose mpira mmoja tu. Mpira wa kona kama huo wa tisa. Nani atajua? Na akikataa, analindwa na nani saa nane usiku?

Mleta mada

Ahsanteni. Naanza na kaka wa Mwanza, kwa sababu ana hoja nzito kuliko anavyodhani, na mwenyewe namwongezea nguvu. Wanaotetea mashindano rasmi husema huko ndiko kwenye fedha salama. Basi wakumbuke 2006, Reno, Marekani. Reyes alishinda mashindano ya IPT (International Pool Tour), zawadi dola 500,000, kiasi ambacho pool haikuwahi kukiona. Waandaaji wakashindwa kulipa wachezaji kwa wakati na mfululizo ule wa mashindano ukafa. Kwenye dau la mtaani hela inahesabiwa kabla mpira wa kwanza haujapigwa, anashika mtu wa tatu, mechi ikiisha inatolewa palepale. Hilo Wafilipino wanalijua, na ndiyo maana hawaachi.

Kwa hiyo sibishi kwamba dau linafundisha. Nabisha juu ya nani anabeba mzigo wakati mafunzo yanaendelea.

Rudini kwenye zile dola 100 za Reyes. Tunazisimulia kama hadithi tamu, 90 nyumbani, 10 mfukoni. Ufilipino ya leo ina Sheria ya Jamhuri namba 9231 ya mwaka 2003 kuhusu kazi za watoto. Inasema kipato cha mtoto ni chake, kwanza kabisa kwa matunzo na elimu yake, na kisichozidi asilimia 20 ndicho kinachoweza kuingia kwenye mahitaji ya pamoja ya familia. Mwenye miaka 15 hadi 17 hatakiwi kufanya kazi kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sasa wekeni mtoto wetu wa ndala pembeni ya sheria hiyo. Saa nane usiku, hela zake hajui zitagawanywaje, na watu ukumbi mzima wanaishi juu ya mkono wake. Mkisema kucheza si kazi, mimi nauliza: kama mfadhili anapata mgao kila mtoto anaposhinda, tuite nini?

Na msiniambie hasara ni ya mfadhili peke yake. Nilimuuliza Kuya hilohilo. Akaniambia kwao kuna utang na loob, deni la moyoni kwa aliyekutendea wema. Mfadhili ndiye aliyemnunulia fimbo, ndiye aliyelipa hospitali mama alipougua. Akipoteza laki mbili hatamdai mtoto hata senti. Mtoto atajidai mwenyewe, na deni la namna hiyo halina risiti.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, umenigusa hapo. Hata huku, nilikuwa na miaka 17 tajiri mmoja alinichezesha mechi ya laki tatu nikafungwa. Hakunifokea. Alininunulia chips na soda akaniambia "tutarudi". Nilitamani anitukane. Nilimchezea bure mwaka mzima na sikujua kwa nini siwezi kukataa.

Lakini bado sijajibiwa. Ukimtoa mfadhili, nani anamlisha huyo mtoto miaka miwili hadi afike 18? Shirikisho halitafika kijijini kwao. Biado kabeba dola 250,000 za ubingwa wa dunia Jeddah 2025, vizuri sana, lakini hiyo ni fainali ya mtu wa miaka zaidi ya arobaini. Njaa ya mtoto ni ya leo.

Mchangiaji, Dodoma

Mfadhili abaki basi, alipe nauli na viingilio vya mashindano ya vijana, mkataba uandikwe mbele ya mzazi, faida aivune mtoto akishakuwa mtu mzima. Kama anakipenda kipaji kweli atakubali. Kama anapenda dau, tutamjua siku hiyohiyo.

Mleta mada

Dada wa Dodoma, hapo naunga mkono kwa mikono miwili. Kaka wa Mwanza, swali lako la njaa nililipeleka kwa Kuya jana tukiwa foleni ya basi la kazini. Nilimuuliza pia yule mtoto wa 14-14 aliishia wapi.

Kasema usiku uliofuata alicheza tena. Mfadhili yuleyule, dau laki tatu, kurudisha zile mbili.