Umeambiwa "fanya mazoezi". Nani alikufundisha namna? Tupeane uzoefu

Mwana wa Tandika: Wakuu, leo nilimpeleka mama kliniki ya sukari. Kaambiwa "mama, fanya mazoezi", faili likafungwa. Mbele yetu alikuwa kaka mmoja wa ofisini, ana saa inayohesabu mapigo ya moyo, akauliza ayapandishe mpaka wapi. Akaelezwa kirefu. Mama hakuuliza kitu, hata hajui kama kuna la kuuliza. Zoezi alilofundishwa maishani ni mchakamchaka wa shule ya msingi, tena wa fimbo. Nyie wenzangu mlijifunzia wapi?

Fundi Zege: Sisi wa saiti hatuhitaji. Zege kutwa, jioni nikimbie tena?

Kipima Joto: Mkuu, zege si mazoezi. Unainua mizigo saa nane mfululizo, presha iko juu, moyo haupumziki, mgongo unakwisha. Kwenye mazoezi unaamua mwenyewe uanze lini, uongeze kiasi gani, upumzike lini.

Fundi Zege: Wewe una gari.

Kipima Joto: Gari linahusu nini?

Fundi Zege: Linahusu. Ukitoka kazini bado una nguvu za kuamua.

Dada wa Mbagala: Mniwie radhi, nitaandika kirefu. Kaka yangu ni fundi cherehani, anakaa kutwa. Alipokutwa na sukari akapewa vidonge vya glibenklamidi na neno hilohilo, "fanya mazoezi". Akajiunga na joging ya mtaani, wanakimbia Kilwa Road alfajiri. Mwenzake akamwambia ukikimbia na njaa ndiyo unakausha mafuta. Basi akameza dawa, hakula. Kufika Zakhem jasho linamtoka kama maji, maneno hayaeleweki, anayumba. Watu wakasema kalewa. Wenzake wakammwagia maji kichwani! Mama muuza chai ndiye aliyesema huyu sukari imeshuka, akamkorogea maji ya sukari kaka akiwa bado anaweza kumeza. Akarudi taratibu, analia, hajui yuko wapi. Miaka yote ya kliniki hakuna aliyemwambia kwamba vidonge vile vinashusha sukari, kwamba ale kwanza na atembee na pipi mfukoni. Mwenye mwalimu wake wa jimu anaulizwa dawa anazotumia siku ya kwanza. Kaka yangu aliulizwa na muuza chai.

Mzee Kibandiko: Pole sana dada. Kwetu pia, shemeji yangu.

Baharia: Asali ndiyo dawa, weka chupa kiunoni.

Nesi Mstaafu: Chochote chenye sukari kweli. Vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena. Akizimia usimtie kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Dada wa Mbagala: Apime na nini? Mashine tuliazima, vijiti vyake vya kupimia vinatushinda kununua.

Baharia: Basi asikimbie kabisa.

Nesi Mstaafu: Usimtishe mgonjwa! Mwana wa Tandika, Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2020 walisema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Mama hahitaji saa ya mapigo. Atembee huku akiongea. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Misuli: ainuke kwenye kiti bila kujishika, arudie mpaka achoke kidogo. Haya yangemchukua mtu wa kliniki dakika tatu kuyasema.

Binti Shungi: Atembee wapi? Huku ni mitaro na bodaboda. Nikivaa raba na baibui wananiuliza nani ananifukuza.

Kipima Joto: Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Watu wajitokeze.

Binti Shungi: Jumamosi genge linafunguliwa saa 12 asubuhi, kaka.

Fundi Zege: Mnaona sasa.

Mwana wa Tandika: Nesi, Mungu akubariki. Mama anatembea na ndala, ni sawa?

Nesi Mstaafu: Hapana! Sukari inaua hisia za miguu, anakatwa na chupa asijue. Viatu vya kufunika, na kila jioni umkague nyayo.

Mzee Kibandiko: Raba za mtumba soko la Karume, nenda mapema.

Nesi Mstaafu: Aende mwenyewe akajaribu, tena jioni, miguu ikiwa imejaa kidogo.

Mzee Kibandiko: Jioni raba nzuri zimeshaondoka.